Kuku wa Radhi

Hakuna mtu Rujewa nzima aliyekuwa na shikamoo tamu kama ya Meneja Saulo wa kiwanda cha mpunga. Wengine huitupa shikamoo kama mtu anayetupa ganda la ndizi, huku wanapita. Saulo alikuwa anasimama. Anavua kofia, anainama, anashika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, halafu anaitamka polepole mpaka mzee mwenyewe anajiona kumbe bado ni mtu. Rozalia, mama yake Faustina, alikuwa akimwitikia "Marahaba, mwanangu" kwa moyo wote, na siku hiyo hata uji ulimshuka vizuri.

Naye Rozalia alikuwa na mwiko wake. Shikamoo haiachwi. Awe mlevi, awe kichaa wa sokoni, awe aliyekutukana jana yake, akikuamkia unaitikia. "Shikamoo ni mtoto mchanga aliyewekwa mlangoni," alizoea kusema. "Hujui kaletwa na nani, lakini huwezi kumwacha chini."

Siku mashine ya kukobolea mpunga ilipomshika mkono Jailos, mfanyakazi mwenzake Faustina, Saulo alifika nyumbani kwa Rozalia kabla hata habari haijafika vizuri. Faustina alikuwa amekaa kwenye mkeka, pumba zimemjaa kichwani, kunawa hataki, kula hataki. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye swichi. Jailos alikuwa upande wa pili wa mashine, ameingiza mkono kwenye mkanda kuchomoa kipande cha gunia kilichojisokota. Wawili hao hawakuwa wanaonana. Katikati yao alisimama Saulo, na Saulo alikuwa anawaona wote.

Sasa Saulo huyohuyo alipiga goti kwenye sakafu ya Rozalia, akalia. Alilia machozi ya kweli, yanatiririka mpaka kidevuni.

"Mama yangu mzazi alikuwa Mhehe kama wewe," alisema. "Amelala Tosamaganga tangu mimi niko darasa la tatu. Nikikuona wewe namuona yeye. Siwezi kukaa nikatazama mwanao anaangamia."

"Anaangamia kwa lipi, baba?"

"Watu wa Jailos wamechachamaa. Wanasema Faustina aliwasha kusudi. Nimewatuliza, lakini nitawatuliza mpaka lini? Mimi ni meneja tu, sina upande. Nyie wazee mna njia zenu, mama. Damu ikimwagika, si mnajua kinachofanyika?"

Rozalia alijua. Katika ukoo wao, mtu akimwaga damu ya mwenzake, hata kwa bahati mbaya, watu wake hubeba kuku hai kwenda kwa aliyeumia. Mkubwa wao ndiye husema: mtoto wetu amekosa. Hakuna kujitetea pale, hakuna "lakini" wala "ila". Kuku hufungwa mguu ndani ya nyumba ile, na siku mgonjwa akipata nguvu ya kula, kuku huyo anachinjwa, pande zote mbili zinanawa na kula sahani moja, jambo linafukiwa. Lakini kuku akirudishwa, basi. Huo ni uadui umetangazwa, na watoto wa watoto wataukuta.

"Kuku ninaye," Rozalia alisema.

"Mungu akubariki, mama yangu. Mimi mwenyewe nitawapeleka kwa gari." Saulo alijifuta uso, akasimama, akatazama huku na huku. "Hiki kisamvu kinanukia vizuri. Umekiunga na karanga?"

Akapakuliwa. Akala akamaliza, akaomba tena.

Alipoondoka, Faustina aliinua kichwa. "Mama, umeona anavyokula?"

"Ana njaa, mwana wa watu. Siku nzima anahangaika."

"Mimi niliuliza, mama. Kabla ya kuwasha niliuliza, 'Jailos ametoka?' Akasema, 'Ametoka, washa.'"

"Labda alidhani ametoka."

"Alikuwa anamwangalia." Faustina aliangalia sahani aliyoiacha Saulo. "Walipombeba Jailos, unajua alichosema? 'Mwageni maji hapo tuendelee, mpunga wa watu haungoji.' Halafu akachota punje moja kwenye gunia, akaing'ata kuona kama imekauka. Jailos analia mlangoni, yeye anang'ata mpunga. Na sisi anatuangalia hivyohivyo, mama. Anamng'ata kila mtu aone amekauka au bado."

"Usiseme hivyo mtu aliyekulilia nyumbani kwako."

"Ile kava ya mkanda ni yeye aliyeitoa. Alisema inachelewesha kazi."

"Faustina."

"Sasa nikaseme nimekosa?"

"Husemi wewe. Nasema mimi. Radhi haimpunguzi mtu kilo." Rozalia alikaa karibu yake, akaanza kumtoa pumba kwenye nywele, moja moja, kama alivyokuwa akimtoa chawa zamani. Akamwambia kwa sauti ya kumbembeleza, "Kitendawili."

Tangu Faustina alipojua kusema, hakuwahi kukosa kuitikia. Hata siku ya matanga ya baba yake aliitikia. Siku ile alitazama mlango tu, na kile kitendawili kikarudi mdomoni kwa mwenyewe, hakikutegwa.

Kuku aliyechaguliwa alikuwa tetea mweusi mwenye madoa meupe shingoni, na alikuwa anataga. Jogoo alikuwepo, tena mnene. Lakini Rozalia alisema radhi ya kweli unatoa kinachokuuma.

Mama yake Jailos aliitwa Tumpe, mama wa Kinyakyusa mrefu, sauti yake nzito kama ya mwanamume. Alikuwa ametoka hospitali Mbeya, amekuja kuchukua nguo na unga. Mkwe wake ndiye aliyebaki huko na mgonjwa. Mkono ulikuwa umekwisha kukatwa, juu ya kiwiko. Tumpe aliwakaribisha kwa mdomo tu. Hakutoa kigoda.

Rozalia akapiga magoti kwenye vumbi, na Faustina nyuma yake, amejifunika kitenge mpaka machoni. Saulo alisimama pembeni ameshika simu.

"Napiga picha ya amani," alisema. "Hata Jailos akiiona kule atafurahi. Mama, sema kwa sauti kidogo."

Rozalia akasema kwa sauti. "Mama Jailos, mtoto wetu amekosa. Mkono wake ndio uliomwaga damu ya mwanao. Hatuna la kujitetea. Tumekuja na kuku huyu, tunaomba radhi."

Tumpe alimtazama Faustina muda mrefu. Kisha akamchukua kuku kwa mabawa, akaingia ndani, akatoka mikono mitupu.

"Imetosha hiyo," alisema Saulo, akaitia simu mfukoni. "Safi kabisa."

Neno lile "safi" lilimgusa Rozalia vibaya kidogo, kama jiwe kwenye wali. Lakini jiwe moja halimfanyi mtu amwage sahani. Akatafuna, akameza.

Wiki haikuisha. Askari walikuja kumchukua Faustina palepale kiwandani, mchana, wateja wamejaa na mpunga wao, mashine inanguruma. Wanawake wa kupepeta chenga wakasimamisha nyungo zao hewani. Wengine walidhani ameiba. Wengine walitaka aonekane ameiba, maana nafasi ya kwenye swichi ina kiti.

Rozalia alikwenda kituoni, akaambiwa kesi ni ya kujeruhi kwa makusudi, na ushahidi upo. Ushahidi gani? Askari, kijana mpole tu, akamwambia, "Mama, nyie wenyewe mmekiri. Kuna video." Hapo Rozalia hakusikia tena kilichofuata. Alitoka, akatembea mpaka kiwandani, kandambili imekatika, anaiburuta.

Aliambiwa asubiri. Akakaa juu ya magunia ya pumba nje ya ofisi. Saulo alipita mbele yake kwenda mizani, akarudi, akapita tena. Hakumwamkia. Rozalia akajiambia hajaniona. Alipopita mara nyingine, macho yao yalikutana, na macho ya Saulo yalimtazama na kuendelea kwenda, kama yalivyotazama magunia aliyoyakalia.

Mwishowe akaitwa. Saulo alikuwa ameketi, anatafuna punje.

"Baba," Rozalia alianza, "wamemchukua mwanangu."

"Ndiyo."

"Wanasema ni kwa maneno yangu."

"Si uliyasema?" Saulo alichukua simu, akabonyeza, akaiweka mezani. Sauti ya Rozalia ikatoka mle ndani, nyembamba, ya kizee: *Mkono wake ndio uliomwaga damu ya mwanao. Hatuna la kujitetea.* Saulo alisikiliza kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza kwaya. Ilipofika mwisho akairudisha tena mwanzo.

"Yale yalikuwa maneno ya radhi, baba. Wewe ndiye uliyetutuma."

"Nilishauri tu. Hakuna aliyekushika mdomo."

"Wewe ndiye uliyesema washa!"

"Nani alisikia? Mashine ina kelele."

Rozalia alishuka kwenye kiti, akapiga magoti. Aliona aibu ya magoti yake mwenyewe, jinsi yalivyojua njia ya kwenda chini. "Basi nisaidie. Wewe ulisema mimi ni mama yako. Kwa nini unatufanyia hivi?"

"Hivi vipi?"

Hakuwa anamkejeli. Hilo ndilo lililomtisha Rozalia kuliko yote. Aliuliza kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua imenyesha. Hakukuwa na hasira ndani yake, wala chuki, wala hata ile raha ya mtu mbaya. Rozalia alitafuta kwenye uso ule mahali pa kushikia, kama unavyotafuta mpini wa sufuria gizani, asipate. Uso ulikuwa laini pande zote.

"Lazima mtu awe amekosa, mama," Saulo alimweleza, taratibu, kama anamfundisha mtoto. "Mwenye kiwanda akiuliza, lazima nimpe mtu. Faustina ana maneno mengi kuhusu kava. Sasa shida iko wapi?"

Mlango ukagongwa. Akaingia mteja mkubwa kutoka Mbeya, mama mnene mwenye funguo za lori mkononi. Na hapo, mwenzangu, Rozalia aliona kwa macho yake. Uso wa Saulo ukawaka kama taa iliyorudishiwa umeme. Akaruka toka kwenye kiti, akamshika Rozalia mabega, akamwinua.

"Mama yangu huyu!" alimwambia mteja, sauti imejaa asali. "Ana matatizo ya mtoto, namfariji hapa. Mama, usilie, Mungu yupo. Jamani, mleteeni mama soda!"

Soda ililetwa. Rozalia aliishika ikiwa baridi, akatoka nayo nje, akaiweka chini karibu na magunia bila kuifungua. Kuna vitendawili ambavyo jibu lake unalijua tangu mtegaji anapofungua mdomo, lakini unaogopa kulisema. Faustina alikuwa amelisema mapema, pale kwenye mkeka, na mama yake akamwambia nyamaza.

Alikwenda kwa Tumpe kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Njiani alifikiria jambo moja tu: kuku. Kama amekwisha kuchinjwa, basi maneno yake yamekwisha kuliwa na kumezwa, na Faustina naye amekwisha.

Uani alimkuta Sayi, mama wa Kisukuma aliyepanga chumba cha pili, anapepeta. Sayi naye alikuwa wa kiwandani, upande wa chenga. Alipomwona Rozalia aliinamisha macho kwenye ungo.

Tumpe alitoka ndani anafunga kanga. "Umefuata nini? Kuku?"

"Yupo?"

"Heee! Kumbe ni kuku kweli." Tumpe aligeukia ungo wa Sayi kama anaomba shahidi. "Mtu umenikatia mwana mkono, unakuja kukagua mfugo wako!"

"Mama Jailos, nijibu tu. Yupo hai?"

"Yupo chini ya kitanda. Anataga humo humo, mshenzi yule. Anachinjwa leo jioni. Saulo analeta mchele na mafuta, tunamla pamoja, yaishe."

"Na Jailos? Si mpaka yeye aweze kula?"

Tumpe alisita. "Saulo anasema mila haijali. Anasema nikimchinja leo, kiwanda kitasimamia matibabu yote. Nisipochinja, hajui itakuwaje."

"Mwanangu yuko ndani, Mama Jailos. Wamemfunga kwa yale maneno yangu ya kuku."

"Afungwe!" Sauti ya Tumpe ilipasuka. "Si alimwapia mwanangu? Saulo aliniambia yote. Kwamba waligombana, kwamba Faustina alisema, 'Nitakukomesha.' Saulo alilia pale ulipokanyaga, akisema angejua mapema angemfukuza kazi!"

"Alilia?"

"Alilia kama mtoto. Kwa sababu yeye ni mtu. Juzi hata mama yake amenitumia salamu kutoka Tukuyu, yule bibi anaumwa miguu, lakini kasema mpe pole Tumpe, ni mwenzetu."

Rozalia alikaa chini. Hakukaribishwa, alikaa tu. "Mama yake yuko Tukuyu?"

"Ndiyo. Sisi kwa sisi tunajuana."

"Mimi aliniambia ni Mhehe. Amezikwa Tosamaganga. Alinilia machozi mpaka kidevuni."

Chenga zilisikika zikianguka kwenye ungo, kisha zikakoma. Sayi alizungumza bila kuinua kichwa.

"Mimi alisema ni Msukuma wa Magu. Alisema huyo mama alimtupa akiwa mdogo, akaolewa na mwenye ng'ombe. Siku mwanangu alipokuwa anaumwa, nikaomba ruhusa, alinishika mkono akaniita mayu, mama kwa kwetu. Akalia. Halafu hakunipa ruhusa." Akautikisa ungo. "Nilirudi kazini nimefurahi, jamani. Mpaka nafika nyumbani ndiyo nakumbuka kwamba kanikatalia."

Wanawake watatu walitazamana. Hakuna aliyecheka, ingawa jambo lenyewe lilikuwa na kichekesho ndani yake, kama mfupa kwenye samaki.

"Mpigie Jailos," Rozalia alisema.

"Hana nguvu za kuongea."

"Mpigie. Nakuomba. Muulize swali moja tu, na akisema mwanangu alikusudia, mchinje huyo kuku hata sasa hivi, mimi nitamnyonyoa."

Tumpe alitoa simu yake ndogo iliyofungwa kwa mpira. Ilichukua muda. Kwanza mkwe, salamu, hali, joto limeshuka. Kisha Jailos, sauti imekauka, inakuja na kupotea. Tumpe aliweka sauti ya nje.

"Mwanangu, siku ile. Faustina na wewe mlikuwa na ugomvi gani?"

"Ugomvi? Na Faustina? Hatujawahi, mama. Yuko wapi? Meneja alisema kamhamishia Makongolosi, kwenye machimbo, anauza duka la kampuni."

"Kamhamishia..." Tumpe alimtazama Rozalia. "Jailos. Nani alisema washa?"

Walisikia kitanda cha wodini kikilia.

"Mama, usiniulize. Meneja kaahidi nikipona nitakaa getini. Mlinzi hahitaji mikono miwili, kasema. Nikinyamaza."

"Faustina yuko polisi, Jailos. Anasemwa alikukata kusudi."

Sasa walisikia pumzi zake. Alikuwa analia, lakini kilio cha mtu aliyekatazwa kujitikisa.

"Nilisema bado, mama. Nilipiga kelele, 'Bado!' Yeye akageuka, akanitazama. Machoni kabisa, kama mimi na wewe. Akautazama mkono wangu ulipo. Halafu akamgeukia Faustina akasema, 'Ametoka, washa.'" Akapumzika. "Kila siku najiuliza nilimkosea nini. Natafuta kosa silioni. Kulikuwa na lori linasubiri tu, mama. Lori tu."

Tumpe alibaki ameshika ile simu mbele ya uso wake kama kioo.

"Mrudishe kuku," Jailos alisema. "Mwenye mkono ni mimi. Mimi sina radhi ya kupokea kwa Faustina."

Simu ilipokatika, Tumpe aliongea kwa sauti ndogo ambayo Rozalia hakujua kama anayo. "Hata kwetu haifanyiki. Kumrudisha kuku wa radhi ni kukutangazia uadui. Mimi na wewe hatutazikana."

"Nitangazie," Rozalia alisema. "Nakuomba, mama. Nitangazie uadui mbele ya watu, kwa sauti yako hiyo. Kuku akirudi, na yale maneno yangu yamerudi."

Tumpe aliingia ndani, akainama chini ya kitanda. Yule tetea alipiga kelele nyumba nzima.

"Sayi," alisema akitoka, kuku kwapani, "wewe ulikuwa kwenye chenga. Ulisikia 'bado'?"

Sayi alirudia kupepeta, haraka, ovyo, mchele unamwagika pembeni. "Mimi sijui kitu. Nina watoto, mama. Baba yao nyie mnamjua, hana msaada. Msinitaje."

Hawakumlaumu. Walikwenda wawili.

Kituoni watu waligeuka kutazama: wanawake wawili wazee na kuku mmoja anayepiga kelele.

"Mama," yule askari kijana alimwambia Tumpe, "huyu ni kielelezo au ni rushwa?"

"Ni jibu," Tumpe alisema, na sauti yake ikajaa chumba chote mpaka wa chumba cha nyuma wakachungulia. "Mnayo video huyu anatoa. Sasa andikeni kwamba mimi narudisha. Rozalia, mbele ya serikali, radhi yako siitaki. Chukua kuku wako."

Rozalia akampokea kwa mikono miwili. Alikuwa hajui kama mtu anaweza kukataliwa na moyo wake ukapoa hivyo.

Askari aliweka kalamu chini. "Lakini mlipokea."

"Tulimfunga. Hatukumla. Na mwenye mkono amesema." Akampa namba ya Jailos.

Ilikuwa shughuli ndefu. Askari alitoka kuongea na simu nje, akarudi uso umebadilika, akaita mkubwa wake. Waliulizana. Walisema wenzao wa Mbeya watakwenda wodini kuandika maelezo ya mgonjwa. Walisema video peke yake ni jambo jingine sasa. Walisema pia kesi haijafutwa, wasije wakadhani imefutwa, kwa sababu ni neno la mlemavu na mtuhumiwa dhidi ya neno la meneja, na meneja anaheshimika mji mzima. Shahidi mwingine yupo? Wanawake wakatazama sakafu. Hayupo.

Faustina alitolewa kwa dhamana, Tumpe akiwa mdhamini wake. Mkubwa aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Alitoka amepungua, kamba za viatu hana, nywele bado zina pumba. Alimwona mama yake amebeba yule tetea, akamwona Tumpe, akaanza kupiga magoti. Tumpe akamdaka kwapani kabla magoti hayajafika chini. "Simama," alisema. "Umepiga ya kutosha."

Nje jua lilikuwa linaelekea kulala upande wa Usangu, na mashine ya kukoboa inasikika inanguruma mbali. Kiti cha swichi kilikuwa kimekwisha kupata mtu. Kazi haikuwepo tena, na mkono wa Jailos hautaota. Gari la Saulo lilikuwa limeegeshwa mbele ya kituo, nyuma yake kuna mchele na dumu la mafuta ya kupikia.

Habari zilikuwa zimemfikia, na Saulo alikuwa amekwisha kushuka. Watu walikuwa wamesimama barabarani, wauza karanga, waendesha bodaboda, wateja wa kiwandani. Na ng'ambo, chini ya kibanda cha vocha, Sayi alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Hakuna aliyejua amekuja kufanya nini, pengine hata yeye.

Saulo alivua kofia. Alitembea mpaka mbele ya Rozalia, akainama vizuri kuliko siku zote, akanyoosha mikono miwili.

"Shikamoo, mama yangu."

Ilikuwa tamu vilevile. Rozalia alisikia "marahaba" ikipanda yenyewe kooni, kama magoti yake yalivyojua njia ya kwenda chini. Miaka yote alikuwa hajaacha mtoto mlangoni. Alimkumbatia kuku kwa nguvu zaidi, akafunga mdomo.

Saulo alingoja, amebaki ameinama. Tabasamu lilikuwepo bado.

"Mama, nimesema shikamoo."

Muuza karanga aliacha kufunga karanga zake. Rujewa mtu anaweza kutukanwa na watu wakapita. Lakini mzee kuiacha shikamoo ya mtu mzima, mchana, mbele ya watu, hilo walikuwa hawajaliona. Walimtazama Rozalia, wanayemjua kwamba huitikia hata vichaa. Kisha, mmoja mmoja, wakaanza kumtazama Saulo. Walimtazama kama wanaomwona leo.

Akamgeukia Tumpe. "Shikamoo, mama. Mama kule Tukuyu anakusalimia."

"Yupi?" Tumpe aliuliza. "Yule wa kaburini, au yule wa ng'ombe?"

Hapo tabasamu lilizimika. Halikuingia hasira wala aibu mahali pake. Halikuingia kitu, na watu wa karibu walikiona hicho kisicho kitu, mwendesha bodaboda mmoja akarudi nyuma hatua.

"Kitendawili," Faustina alisema. Sauti ilikuwa imemkauka, haikufika mbali.

Rozalia alimshika mkono. "Tega, mwanangu."

"Ana mama kila kijiji, na hana wa kumwitikia."

Rozalia alimvuta taratibu. Waliondoka watatu, wamempita Saulo kama mtu anavyopita kisiki. Walipofika njia panda ndipo Tumpe alipomgusa bega, akamwonyesha nyuma kwa kidevu.

Sayi alikuwa ameuvuka mtaa. Alipita mbele ya Saulo bila kumsalimia, mtoto anarukaruka mgongoni, akapanda ngazi za kituo. Walimsikia mpaka pale walipo, maana woga humpandisha mtu sauti: "Afande, mimi nilikuwa kwenye chenga. Nilisikia 'bado'."

Saulo aliendelea kusimama, kofia mkononi. Na ile shikamoo yake, watu wa Rujewa wanasema, ipo palepale barabarani mpaka leo, na kila mama anayepita anaizunguka.